Maswali ya Wasomaji: Kikumbo Katika Hoki Ni Halali Hadi Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili ya wavulana hapa Kisumu, na nafundisha hoki. Tangu wanafunzi wangu waanze kutazama kwenye simu vipande vya video vya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, wameokota jambo ambalo mimi sikuwafundisha: mshambuliaji akipita na mpira, beki anauacha mpira na kumwendea mtu mwenyewe kwa bega. Katika mechi ya kirafiki ya hivi karibuni, mchezaji wa shule jirani aliangushwa kwa namna hiyo, akakaa chini akiwauliza wenzake mabao ni mangapi, kisha akanyweshwa maji na kurudishwa uwanjani. Mwenzangu ninayefundisha naye anashikilia kwamba hoki ni hoki, kwamba mwamuzi hakupuliza filimbi na kwa hiyo hapakuwa na kosa, na kwamba anayeogopa kukumbwa akacheze drafti. Mimi nasema ni kosa na tena ni hatari. Tuamulie.
Mwalimu wa michezo, Kisumu

JIBU: Mwalimu, kwa upande wa hoki ya uwanjani wewe ndiye uliyeshinda, wala ushindi wako si wa bao moja. Kanuni za FIH, ambalo ni shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinasema kwamba mchezaji hawezi kujaribu kumpokonya mwenzake mpira isipokuwa amekaa mahali ambapo anaweza kuucheza bila kugusana mwili. Kanuni nyingine inakataza kumgusa mpinzani, kumshika, au kuingilia gongo lake na mavazi yake. Hakuna kifungu kinachotofautisha bega la upole na bega la nguvu, na mchezo wa kujitupa bila kujali usalama wa mwenzako umetajwa waziwazi kuwa unastahili adhabu kali zaidi ya pigo huru. Kadi ya kijani humtoa mchezaji nje kwa dakika 2, ya njano kwa muda usiopungua dakika 5, na nyekundu humtoa moja kwa moja. Ikiwa tendo limefanywa ndani ya duara na kumzuia mshambuliaji kufunga, timu ya beki inaweza kujikuta ikikabili pigo la penalti mbele ya kipa wake.

Hoja ya mwenzako kwamba filimbi haikulia haina uzito mkubwa. Mwamuzi hupuliza alichokiona, na katika mechi nyingi za shule zetu waamuzi ni walimu wawili waliojitolea, mmoja wao akiwa anaangalia jua usoni. Kunyamaza kwake hakugeuzi kosa kuwa haki.

Tazama jinsi beki aliyefundishwa vizuri anavyofanya kazi hiyo. Hukimbia pamoja na mshambuliaji kwa mshazari, akimsukumia pembeni kwa kumfungia njia na si kwa kumgusa. Hupunguza mwendo kabla ya kufika. Huinama magotini huku gongo lake likiwa chini karibu na nyasi. Kisha huudokoa mpira kwa ncha ya gongo mara tu unapotengana kidogo na gongo la mwenzake, na kulirudisha gongo haraka ili kama amekosa awe bado amesimama mbele yake. Bega halina kazi yoyote hapo. Kijana anayemkumba mwenziwe kwa bega mara nyingi ni kijana aliyechelewa kufika, na video za barafuni zimempa jina la kishujaa kwa uchelewaji wake.

Sasa niingie kwenye barafu yenyewe, maana ndiko mwenzako anakochota hoja zake, na hata huko hazimsaidii sana. Ni kweli kwamba katika ligi ya kulipwa ya NHL kikumbo kinaruhusiwa, lakini kinaruhusiwa kwa kusudi moja, yaani kumtenganisha mpinzani na paki, kile kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi wanachokipigania. Anayekumbwa lazima awe ndiye mwenye paki au ndiye aliyeiachia sasa hivi; ukimkumba asiye nayo, hilo ni kosa la kumwingilia. Kikumbo hutolewa kwa bega, nyonga au kiwiliwili, si kwa kiwiko wala kwa gongo lililoshikwa kwa mikono miwili. Mkumbaji haruhusiwi kuruka ili ampige mwenzake, wala kumjia kwa kasi aliyoikusanya kutoka mbali, kwa sababu umbali aliotoka ni sehemu ya kosa lenyewe. Haruhusiwi kumpiga kwa nyuma mtu asiyeweza kujikinga. Na karibu na ukuta unaozunguka uwanja, ni juu ya mkumbaji kuhakikisha kwamba anayemwendea hayuko katika hali ya kutojiweza, ingawa waamuzi hutazama pia kama aliyekumbwa aligeuka ghafla na kujiweka mwenyewe hatarini.

Utaona kwamba katika masharti hayo yote ukubwa wa nguvu haukutajwa kama kipimo kikuu. Kikumbo kinaweza kumtingisha mtu mpaka kofia imtoke na bado kikawa halali, na kingine chepesi kikawa haramu kwa sababu kilimjia mtu mgongoni akiwa mita moja tu kutoka ukutani. Hapo ndipo mabishano yenu ya chumba cha walimu yanapopotea njia, kwa kuwa nyote wawili mnachanganya swali la uhalali na swali la usalama, na haya ni maswali mawili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 26 Mei 2000, katika mechi ya 7 ya fainali ya kanda ya mashariki ya NHL. Eric Lindros wa Philadelphia aliingia katikati ya uwanja akiwa ameinamisha kichwa akiitazama paki, na Scott Stevens, nahodha wa New Jersey, akamfikia kwa bega usoni. Lindros alianguka akiwa hajitambui, na hakuichezea tena Philadelphia. Stevens hakuadhibiwa, kwa sababu kwa kanuni za siku hizo hakuwa amevunja lolote. Miaka 10 baadaye, tarehe 7 Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga Marc Savard wa Boston kichwani kutoka upande asiouona. Cooke naye hakufungiwa, kwa sababu hiyo hiyo. Safari hii, hata hivyo, kelele zilikuwa kubwa mno, na kabla ya mwezi huo kwisha ligi ilipitisha kanuni ya kukataza vikumbo vya ubavuni vinavyolenga kichwa, inayojulikana kama kanuni ya 48. Mwaka 2011 ikapanuliwa ili ihusu pigo lolote linalolenga kichwa na ambalo kichwa ndicho kilichopokea mgongano mkuu. Savard alicheza mara ya mwisho Januari 2011. Mwaka 2015 Raffi Torres, mtu aliyekuwa na historia ndefu ya makosa ya aina hiyo, alifungiwa mechi 41 kwa kumpiga mpinzani kichwani katika mechi ya maandalizi ya msimu.

Kwa maoni yangu kisa cha Lindros kinatosha kumjibu mwenzako. Kile kile kilichopigiwa makofi mwaka 2000 leo kingempeleka mchezaji mbele ya kamati ya nidhamu, au angalau kingejadiliwa kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa.

Kuhusu vifaa, mwambie mwenzako alinganishe. Mchezaji wa barafuni huvaa kofia ngumu, pedi za mabega, za viwiko na za kifua, kaptura nene yenye mito, na kinga za miguu. Kijana wako ana vilinda-ugoko na, akijaliwa, kilinda-meno, na uwanja wake wa murramu hautelezi bali unachuna. Hata hivyo kofia nayo isikudanganye. Kofia huzuia fuvu lisipasuke, lakini ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai, na kichwa kinaposimamishwa au kuzungushwa ghafla, wenyewe huendelea kwenda. Ndiyo maana wachezaji waliovaa kofia bora kabisa wanaendelea kupata mtikisiko wa ubongo.

Ikiwa atakimbilia raga, ambayo huku kwetu ina wapenzi wengi kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru, hatapata hifadhi huko pia. Raga inataka anayemwangusha mwenzake ajaribu kumkumbatia kwa mikono. Kumgonga kwa bega tupu ni kosa, na kumshika juu ya mstari wa mabega ni kosa. Katika soka ndiko bega kwa bega kunakokubalika, tena mpira ukiwa karibu na bila nguvu za kupita kiasi.

Jambo lililonishtua zaidi katika barua yako si bega la beki bali yule mtoto aliyekuwa akiuliza mabao. Kuuliza matokeo ya mechi anayoicheza ni dalili ya mtikisiko wa ubongo, na wengi wanaopata mtikisiko huo hawazimii kabisa. Mwongozo wa kitaalamu wa kimataifa uliotokana na mkutano wa Amsterdam wa mwaka 2022 hauna utata katika hili: ukishuku tu, mtoe uwanjani, na siku hiyo asirudi hata akiapa kwamba yuko sawa. Baada ya hapo hupumzika kiasi kwa saa 24 hadi 48 bila kufungiwa gizani, hurudi darasani kwa hatua, kisha hurudi mazoezini kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau saa 24, na mazoezi yenye kugongana hayaanzi kabla daktari hajamruhusu. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akiona vitu viwili viwili, akisikia ganzi mikononi, au kichwa kikizidi kumuuma, hapo ni hospitali mara moja. Huko Ottawa, Kanada, mwaka 2013, msichana wa miaka 17 aitwaye Rowan Stringer aliyekuwa akicheza raga shuleni aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, akaendelea kucheza, akafariki. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018. Mpigie simu mwalimu wa shule ile jirani umuulize kijana anaendeleaje, hata kama siku zimepita.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu mwenye umri wa miaka 12 anaishi na mama yake mdogo huko Calgary, Kanada, na ameipenda hoki ya barafuni kupita kiasi. Dada yangu amenitumia fomu akisema kwamba akiingia daraja la miaka 13 na 14 anaweza kupangwa katika timu inayoruhusu vikumbo, na anataka tukubaliane. Baba yake, ambaye enzi zake alicheza raga hapa Nakuru, anasema mtoto akianza mapema ndivyo atakavyozoea na kujua kujikinga. Mimi nimetazama hizo video na roho yangu haijatulia. Tufanyeje?
Mama wa mchezaji, Nakuru

JIBU: Mama, swali lenu limewagawa Wakanada wenyewe kwa miaka mingi, na kwa bahati nzuri wamelichunguza vizuri, tena huko huko Alberta anakoishi mwanao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uliwalinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, ambako vikumbo viliruhusiwa katika umri huo, na wenzao wa Quebec, ambako havikuruhusiwa. Hatari ya kuumia mchezoni kwa watoto wa Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya wa Quebec, na hatari ya mtikisiko wa ubongo vilevile. Marekani ilisogeza umri wa kuanza vikumbo hadi miaka 13 mwaka 2011, na Kanada ikafuata mwaka 2013. Hiyo ndiyo sababu mwanao hajakumbwa kihalali mpaka sasa.

Hoja ya baba yake si ya kupuuzwa, kwa kuwa watafiti wale wale waliipima. Waliwatazama wachezaji wa miaka 13 na 14, wakilinganisha waliokuwa wamezoea vikumbo kwa miaka 2 na wale waliokuwa wanaanza. Kwa majeraha yote kwa jumla, na kwa mtikisiko wa ubongo, hawakuona tofauti ya maana. Ila majeraha ya kumweka mchezaji nje kwa zaidi ya wiki moja yalikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliozoea. Kwa hiyo baba ana chembe ya ukweli mkononi. Lakini faida hiyo ndogo ilikuwa imenunuliwa kwa majeraha ya miaka miwili ya nyuma, na mimi siioni kuwa biashara nzuri.

Tatizo la umri wa miaka 13 na 14 ni miili. Katika timu moja utamkuta aliyekwisha kuota ndevu, ana mabega ya mtu mzima, na pembeni yake mwenziwe ambaye sauti bado haijavunjika, na wote wawili wanateleza kwa kasi kwenye barafu isiyowaruhusu kusimama ghafla. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huwa mara nne. Kama mwanao ni miongoni mwa wale ambao mwili haujafunguka, mimi ningeomba apangwe katika daraja lisilo na vikumbo, kwa maana madaraja hayo yapo katika vyama vingi vya huko, na mtoto haachi kuwa mchezaji kwa sababu hiyo. Atajifunza kuteleza, kutoa pasi na kusoma mchezo, mambo ambayo ndiyo yanayomfikisha mtu mbali.

Vyovyote mtakavyoamua, dada yako aende mazoezini akaangalie jambo moja kwa macho yake: kama kocha anawafundisha watoto namna ya kupokea kikumbo kabla ya kuwafundisha kukitoa. Mtoto anayeifuata paki ukutani anatakiwa aangalie juu ya bega lake kabla ya kufika, aingie kwa pembe badala ya kwenda uso kwa uso na ukuta, na akiona anagongwa ainue kichwa. Kuinua kichwa ndiko kunakookoa shingo. Kichwa kikiwa juu, shingo ina mpindo wa kawaida unaopunguza mshindo, lakini ukiinamisha kichwa mifupa yake hupangana mstari mmoja kama fimbo, na ukigonga ukuta kwa utosi nguvu yote inaishia kwenye uti. Tarehe 20 Oktoba 1995 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston, Travis Roy, aliingia uwanjani kwa mara yake ya kwanza katika mechi ya chuo, na baada ya sekunde 11 akaenda kumkumba mpinzani, akakosa mahali pa kumshika, akaingia ukutani kwa kichwa. Alipooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2020. Hakukumbwa na mtu; yeye ndiye aliyekuwa akikumba. Baadhi ya ligi za watoto za Kanada hushona alama nyekundu ya kusimama mgongoni mwa jezi, katikati ya mabega, ili anayekuja kwa nyuma aione kabla hajafanya lisilofaa.

Na kama ana dada anayetaka kumfuata, katika hoki ya wasichana ya Kanada kikumbo hakiruhusiwi. Ligi ya wanawake ya kulipwa iliyoanza Januari 2024 ndiyo inayowaruhusu watu wazima kugongana, hasa kando ya ukuta wanapoigombea paki.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Kakamega na nataka kusomea uanasheria. Je, mchezaji anaweza kushtakiwa mahakamani kwa kumkumba mwenzake, au kuingia uwanjani ni kukubali yote?
Mwanasheria mtarajiwa, Kakamega

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuingia uwanjani ni kukubali mengi lakini si yote. Mahakama za nchi zinazofuata mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza, yetu ikiwemo, huchukulia kwamba mchezaji amekubali migongano inayotokana na mchezo wenyewe, hata ile inayovunja kanuni kidogo, lakini hajakubali kupigwa makusudi kwa namna isiyohusiana na mchezo. Hapa Kenya, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu shambulio la kusababisha madhara ya mwili, na hakina mlango wa kutokea ulioandikwa jina la michezo.

Kesi mbili za Kanada zitakuonyesha mpaka ulipo. Tarehe 8 Machi 2011 Zdeno Chara wa Boston alimkumba Max Pacioretty wa Montréal kando ya benchi, na kichwa cha Pacioretty kikagonga nguzo ya kioo. Alivunjika mfupa wa shingo. Chara alitolewa uwanjani na polisi wakachunguza, lakini hakushtakiwa, kwa kuwa lilikuwa tendo la mchezo lililokwenda vibaya mno. Kinyume chake, tarehe 8 Machi 2004 huko Vancouver, Todd Bertuzzi alimfuata Steve Moore kwa nyuma, Moore akiwa hana habari naye, akampiga ngumi kichwani na kumwangukia, akamvunja mifupa ya shingo. Bertuzzi alikiri kosa mahakamani mwezi Desemba mwaka huo, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi na saa 80 za kazi za jamii. Moore hakucheza tena, na madai yake ya fidia yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2014, miaka 10 baada ya tukio.

Nchini Kenya anayedai fidia kwa madhara ya mwili yaliyotokana na uzembe ana miaka 3 ya kufungua madai. Anayeweza kushtakiwa katika madai hayo si mchezaji peke yake, kwa sababu shule ina wajibu wa kuwatunza watoto iliokabidhiwa, na kocha aliyewafundisha wachezaji wake kufanya jambo ambalo kanuni za mchezo zinalikataza atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Kwa upande wa ushahidi, kinachohitajika ni ripoti ya daktari ya siku ile ile, majina ya waliokuwepo, na maelezo ya mwamuzi yaliyoandikwa kabla watu hawajaanza kusimuliana.